Mnyapara Aliyefagia Kiwanja cha Ndege

Kiwanja chetu cha ndege kilikuwa kizuri mno, na ndiyo sababu hatukupewa kitu. Najua maneno hayo hayaingii akilini. Hata mimi niliyekuwa karani wake hayakuniingia kwa miaka, na leo nikiyakumbuka bado damu inanichemka. Mtu aliyekifanya kiwe kizuri hadi kikatuponza ni yule tuliyemwita Mnyapara. Jina alikuwa nalo, tena la ukoo unaojulikana Ukonongo kote, lakini hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Mnyapara.

Kiwanja chenyewe kilikuwa katikati ya miombo, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka Inyonga. Msidhani ni kiwanja kama hivi vya siku hizi. Kilikuwa ukanda wa udongo uliokatwa msituni, soksi ya kumwonyesha rubani upepo unakotoka juu ya mti, na kibanda cha nyasi ambamo niliweka mzani wa mizigo na daftari la ndege. Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado. Mimi ni Mpimbwe, mtoto wa wakulima wa mpunga. Mapadri walinifundisha Kiingereza, serikali ikanitupa huko Ukonongo, nchi ya warina asali. Ndege ndogo ilikuja mara moja kwa mwezi na barua na dawa za zahanati. Mara moja kwa mwaka ilimleta daktari wa macho.

Mnyapara alipewa vibarua sita, majembe sita na filimbi. Basi! Kokoto hapana, saruji hapana, mabomba ya kupitisha maji hapana. Akatazama alichonacho, akaona vichuguu, maana kule vichuguu ni vingi kuliko nyumba. Akawaamuru vibarua wachimbe udongo wa kichuguu, wautwange, waulowanishe na kuutandaza, kisha akina mama wa kijijini wakaja na vipande vya magogo wakaupondaponda kwa nyimbo, vilevile wanavyosakafia nyumba zao. Udongo ule ukikauka, jembe linadunda. Rubani mmoja alishuka akaukanyaga kwa kiatu, akaniuliza saruji tumeitoa wapi. Nilipomtafsiria Mnyapara, alicheka siku mbili.

Shida ya udongo huo ni kwamba una harufu ya mchwa, na muhanga anaipenda. Muhanga ni mnyama mwenye pua ndefu na kucha za kuchimbia. Anapita watu wamelala, na asubuhi unakuta katikati ya kiwanja shimo la kuvunja gurudumu. Kila alfajiri Mnyapara alikipita kiwanja chote kwa baiskeli akiyatafuta mashimo hayo, na akilikuta moja alishuka, akatukana kwanza. "Mshenzi wewe! Mchwa wa Ukonongo wote hawakutoshi, mpaka uje kwa hawa wa serikali?" Halafu alipiga magoti akalifukia mwenyewe. Vibarua hakuwaachia kazi hiyo. Alisema shimo lililofukiwa na mvivu ni baya kuliko shimo lililo wazi.

Kwa vibarua wake alikuwa mkali wa kutisha. Mtu akichelewa, alimtangaza kwa filimbi mpaka kijiji kizima kijue. Lakini mchana alikula nao sahani moja, na mwenye mgonjwa nyumbani alirudishwa bila kuulizwa mara mbili. Tumbaku yake hakumpa mtu hata ya kunusa. Asali alimgawia yeyote. Mimi alinitania kila siku ya Mungu. "Karani, nyie Wapimbwe kazi zenu ni za kusimama majini. Hapa pakavu utaweza?" Nami nilimjibu kwamba masika ikifika, hata kiwanja chake kitafaa kupandwa mpunga. Hapo alipuliza filimbi akaniacha, kwa sababu ilikuwa kweli.

Masika maji yote ya mteremko wa juu yalishuka yakalala juu ya kiwanja. Hapakuwa na mfereji wa kuyapokea. Vibarua walichimba, na mifereji yao ikabomoka ndani ya wiki, kwa kuwa chini kuna mwamba na hawakuweza kwenda kina. Ilihitajika mifereji ya mawe na saruji, mabomba chini ya ardhi, na malori ya kokoto. Hayo jembe haliwezi. Udongo wa kichuguu ukilowa siku tatu mfululizo ni uji mtupu, na kati ya Desemba na Aprili tulikuwa na kiwanja kwenye ramani tu.

Kujua kama kinafaa, Mnyapara alikuwa na kipimo chake. Ndege ikisikika, alivua kiatu cha kulia, akaenda pale palipo pabaya kuliko pote, akakanyaga kwa kisigino kwa uzito wake wote. Kisigino kikibaki juu, alipunga kitambaa cheupe. Kikizama, chekundu. Marubani walimwamini kabisa, na hakuwahi kukosea. Siku moja ndani ya ndege alikuwamo bwana mkubwa aliyekuja kwa shauri la kodi. Kisigino kikazama, kitambaa chekundu kikapungwa, ndege ikageuka na bwana mkubwa wake. Nilimwuliza kama haogopi. "Niogope nini? Kisigino hakijui cheo."

Na bado, mtu huyo aliyewaambia marubani ukweli mkavu namna hiyo, kwa Mkaguzi wa viwanja alikuwa mtu mwingine kabisa. Hapa ndipo hasira zangu zinapoanzia.

Mkaguzi alikuja kila mwaka mwezi wa nane, katikati ya kiangazi. Kazi yake ilikuwa kuamua kiwanja gani kitengenezwe na kipewe nini. Barua ya kutujulisha ilinifikia mimi wiki moja kabla. Nikiisoma tu, kijiji kinageuka. Mnyapara aliwatoa akina mama wote na mifagio, wakakifagia kiwanja kuanzia kichwa mpaka mkia. Nyufa zilizibwa, mitaro iliyobomoka ikafukiwa isionekane, vumbi likanyunyiziwa maji, mawe ya pembeni yakapakwa chokaa. Mkewe alipiga pasi kaptula ya kaki. Kuku walichinjwa, asali ikawekwa mezani kwenye bakuli la kauri walilolitunza kwa ajili ya siku hiyo tu. Nani kwetu hafanyi hivyo? Mgeni anakuja, unafagia. Hakuna mtu wa huku anayempokea mgeni na takataka zake uani ili mgeni amwonee huruma.

Mkaguzi alishuka, akatembea, akapiga mguu chini mara mbili, akala kuku. Akaandika. Miezi miwili baadaye jibu likaja: kiwanja kiko katika hali nzuri sana, anayekisimamia anastahili pongezi, fedha zielekezwe kwenye viwanja vyenye uhitaji.

Vyenye uhitaji! Upande wa kuelekea ziwani kulikuwa na kiwanja kingine ambacho mnyapara wake alikuwa mlevi wa kupindukia. Majani yalifika kiunoni, mbuzi walilala chini ya soksi ya upepo. Mkaguzi alipokwenda huko alikuta aibu tupu. Wakapewa mabomba, wakapewa kokoto, wakapewa na chuma cha kushindilia kinachovutwa na trekta. Tunaambiwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika ofisi ile kibaya ndicho kilichonunuliwa, na kizuri kikapewa pongezi. Na jambo jingine: waliandika kwamba ndege zinazotua kwetu masika ni chache, kwa hiyo hakuna haja ya kutengeneza kiwanja kwa ajili ya masika. Zitue nyingi vipi, nanyi hamtaki kukitengeneza? Watu wazima, wamesoma, wana meza na feni, wanaandika hivyo na kupiga muhuri!

Mwaka wa pili nilimsihi. "Mzee, safari hii tusifagie. Mitaro tuiache ilivyo, aione. Mwambie kinachotupata masika."

Alinitazama kama niliyemtukania mama yake. "Nimwonyeshe mgeni uchi wangu?"

"Si uchi wako. Ni uchi wa serikali yenyewe."

"Kiwanja hiki nani anakilinda? Mimi. Kikiwa kichafu, mchafu ni mimi."

"Mbona rubani unamwambia ukweli?"

"Rubani nikimdanganya anakufa," alisema. "Mkaguzi hafi. Mgeni haoni usiku wako, Karani, anaona asubuhi yako. Kafanye kazi yako ya mizani."

Ingekuwa ni kiburi chake tu, ningemwacha. Lakini ndani ya nyumba yake mwenyewe kulikuwa na mtu aliyeumia. Mkewe, ambaye kijiji kizima kilimwita Mayu, yaani mama, alikuwa anapofuka. Ukungu mweupe uliingia jicho la kushoto, kisha la kulia. Mwaka nilioripoti kazini mimi, mvua zilichelewa, daktari wa macho akatua, akamtazama Mayu akasema: "Ukungu huu unatoka kwa kisu kidogo tu. Mwakani nitakuja na vifaa, asingoje zaidi ya hapo." Mayu alirudi nyumbani akiimba. Tangu siku hiyo mimi alinijua kwa sauti tu, kwa sababu nilipozoea kufika kwao, tayari alikuwa haoni nyuso.

Daktari huyo alipangiwa kuja kwetu mwezi wa pili, masika yamepamba moto. Kiangazi alikuwa likizo Ulaya. Waliopanga ratiba hiyo sijui walikuwa wanafikiri kwa kiungo gani. Mnyapara aliwahi kumpakia mkewe kwenye lori mpaka Tabora, siku tatu za vumbi, wakaambiwa daktari hayupo, warudi wamngoje kwao, atawafuata kwa ndege. Wakarudi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili ukafika. Mayu alivaa kitenge kipya, akafunga kitita chake, akaletwa pembeni ya kiwanja. Wagonjwa wengine walikuwepo pia, kama ishirini hivi, wamekaa chini wanasikiliza. Ndege ikasikika, ikaja juu yetu, ikaanza kuzunguka. Mvua ilikuwa imekatika tangu jana yake na juu pamekauka kidogo. Nilimwona Mnyapara akivua kiatu. Akakanyaga. Akasogea hatua mbili, akakanyaga tena. Akasogea tena. Sijawahi kumwona akipima mara tatu. Kila alipokanyaga, mguu uliingia mpaka kwenye kifundo.

Alisimama akimtazama mkewe. Halafu akapunga chekundu.

Ndege ilizunguka mara moja zaidi, ikaondoka. Mayu aliinua uso, akaifuata kwa masikio mpaka ikapotea. "Imekwenda?" aliuliza. Mumewe akamjibu, "Imekwenda." Akaongeza, "Mwakani." Mayu hakulia. Aliniomba nimfungulie kitita ampe mwenzake kanga ajifunike, kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza. Mimi niliingia kibandani nikalia kama mjinga.

Na mwezi wa nane, pamoja na kumsihi kwangu kote, Mnyapara yule yule alifagia. Naapa! Mwenye mke haoni, kitambaa chekundu amekipunga kwa mkono wake, anafagia kiwanja na kupaka mawe chokaa, Mkaguzi anakula asali na kuandika "hali nzuri sana." Nilimchukia siku ile. Nilimchukia Mkaguzi, nikaichukia ofisi iliyompeleka mtu kukagua tope mwezi wa vumbi, lakini Mnyapara nilimchukia zaidi, kwa sababu yeye nilimpenda. Mwezi wa pili uliofuata ndege ilikuja tena, kisigino kikazama tena, ikaenda zake. Safari hii Mayu hakuletwa na kitita. Alisema atasikiliza akiwa nyumbani.

Mwezi uleule wa pili ukiisha, ikaja barua. Mkaguzi atakuwa Inyonga kwa shughuli nyingine mwezi wa tatu, na atapita kwetu kwa gari. Mwezi wa tatu! Niliisoma mara nne. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, sikumwambia mtu. Siku tisa nilikuwa nasalimiana na Mnyapara asubuhi, "Mwangaluka, baba," anitanie, nicheke, na barua iko mfukoni.

Mkaguzi alifika saa nne za asubuhi, amekwama njiani mara tatu, ametapakaa tope mpaka kwenye kofia. Alikuta kiwanja kimegeuka bwawa. Vyura walikuwa wanalia katikati. Kulikuwa na shimo la muhanga limejaa maji. Na Mnyapara alikuwa ndani ya mtaro, kifua wazi, tope mpaka mapajani, yeye na vibarua wawili, wanatoa kwa makarai maji yaliyokuwa yanarudi palepale.

Alipomwona mgeni, alijikinga kifua kwa mikono miwili, kama mwanamke aliyekutwa mtoni. Mzee yule! "Karani," alisema, "mwambie anipe muda kidogo nivae." Mkaguzi hakungoja. Aliuliza kwa Kiingereza, hali hii ni ya tangu lini?

Nikamtafsiria Mnyapara swali. Akajibu haraka, "Mwambie ni mvua ya jana. Kesho kutwa pamekauka."

Nilijua ninachokishika. Nikisema mvua ya jana, Mkaguzi anageuza gari, na Mayu anabaki gizani. Nikisema ukweli, Mnyapara ni mwongo wa miaka yote hiyo mbele ya serikali. Nikasema ukweli. Nilisema kila masika ni hivi, miezi mitano, kwamba mwezi wa nane tunafukia na kufagia, kwamba daktari wa macho amerudishwa mara mbili, kwamba bila mifereji ya saruji na kokoto watu sita hawawezi. Niliongea mpaka nikaishiwa pumzi. Mkaguzi aliandika ukurasa mzima.

Mnyapara alikuwa anatazama penseli. "Karani," alisema polepole, "umemwambia maneno mengi kuliko yangu."

Niliinama nikamwokotea karai. 

Jibu la ofisi lilikuja mapema kuliko yote yaliyotangulia. Fedha zimekubaliwa: mifereji, mabomba, malori ya kokoto, kazi ianze mara mvua zikikatika. Na chini yake mistari miwili: kwa kuwaficha wakaguzi hali halisi ya kiwanja, mnyapara aondolewe kazini mwisho wa mwezi. Nilimsomea mwenyewe, kibandani. Nilidhani atanipiga. Aliuliza, "Mifereji inaanza lini?" Nikamwambia mwezi wa sita. Akatikisa kichwa kukubali, akaweka filimbi juu ya mzani, akatoka.

Mniambie nyie, haki iko wapi hapo? Mlevi wa kule ziwani alibaki na kazi yake, akaongezewa na vibarua. Huyu aliyekifukia kiwanja kwa magoti, aliyeigeuza ndege iliyobeba macho ya mkewe kwa sababu hakutaka rubani afe, anaitwa mdanganyifu. Kosa lake ni kwamba alimpokea Mkaguzi kama mgeni, wakati Mkaguzi hakujiona mgeni hata siku moja. Siku ya kufungua kiwanja walikuja wakubwa, mtemi akakalishwa mbele, zikasomwa hotuba za kuisifu ofisi kwa kuona mbali. Kuona mbali! Mnyapara hakualikwa. Aliyechukua nafasi yake alikuwa kijana wa watu, mpole, na nilimwonea huruma kwa jinsi nilivyomnunia.

Mwezi wa pili ndege ikatua. Mvua ilikuwa inanyesha, magurudumu yakarusha maji tu, ikasimama palepale pa kisigino. Daktari alimpasua Mayu jicho juu ya meza ya zahanati. Jicho la kushoto alisema amechelewa, limekufa. La kulia lilifunguka.

Mnyapara sikumwona tena kwa karibu miaka miwili. Kila nikipita njia ya kwao, niliambiwa njiani kwamba yuko porini kwenye mizinga, nami sikuingia. Nilipopata uhamisho wa kwenda Mpanda mjini, nikaona siwezi kuondoka hivyo. Nikaenda kwao mchana kweupe, nikabisha hodi.

Mayu alikuwa uani anachambua maharage. Aliinua kichwa. "Sema tena," alisema. Nikarudia salamu. Akaacha ungo, akanisogelea, akaniangalia kwa jicho lake moja toka juu hadi chini. "Ni Karani! Jamani, kumbe mfupi hivi! Sauti yako ilikuwa ya mtu mrefu kabisa." Akacheka mpaka akashika kiuno. Nami nilicheka, na machozi yalinitoka.

Mumewe alikuwa amekaa kwenye gogo, anachonga mzinga. Hakusimama. Nilikaa chini karibu naye, nikasema, "Baba, nimekuja kuaga. Nahamia Mpanda. Na nimekuja kukuomba radhi."

 Alisema huku akichonga, bila kunitazama, "Kila asubuhi huyu mwanamke ananisuta. Shati lako lina doa hapa, mzee. Kola imechakaa. Ndevu umenyoa upande. Kila asubuhi. Namsikiliza, moyo unajaa, nachukua fimbo nije kukushukuru. Nafika mpaka njia panda. Halafu namwona yule mzungu ananitazama, nami sina shati, na wewe unaongea, unaongea. Nageuka, narudi."

"Mara ngapi, baba?"

"Nimekwambia, kila asubuhi." Akapuliza vumbi la mti kwenye mzinga, akaupima kwa jicho. "Sasa unahamia Mpanda. Huko ni mbali kwa miguu. Afadhali. Nitapumzika."